Njaa Niliyomlisha Mke Wangu

Nilisoma hadi mwaka wa tatu wa primeri, basi. Nasema mapema ili mtu asije akanisema nalo baadaye. Kusoma nilimalizia mwenyewe, kwa Biblia na kwa maandishi ya magunia ya msaada, na kuyeyusha alimini nilijifundisha kwa kuungua. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, nyumba zisizo na sufuria yangu ni chache. Pindua sufuria utazame kitako: ukiona alama ya dole gumba, hilo ni dole langu. Wakongomani wanapikia, Warundi na Wanyarwanda wanapikia, hata Wamalawi wa vijiji vya karibu wanakuja na baiskeli, wanasema zikomo, asante ya kwao, wanafunga sufuria nyuma kwa mpira, wanaenda kusongea nsima, ugali wao.

Kazi yenyewe haina siri. Mtu analeta sufuria mbili zilizotoboka, anaondoka na moja nzima. Nazivunja kwa nyundo, nazitia kwenye chungu cha chuma juu ya makaa, nazungusha gurudumu la baiskeli linalopeleka upepo chini ya moto, hadi alimini inakuwa maji. Juu ya maji yale unaelea uchafu kama utando wa maziwa. Huo unautoa kwa kijiko kirefu. Kilichobaki unakimwaga katika umbo la mchanga, na kesho yake mtu anachemshia maharagwe ndani ya kitu alichokuwa anakitukana jana. Sijawahi kutengeneza kitu kwa chuma kipya. Kila sufuria niliyouza maisha yangu yote ilikuwa imeshakufa mara moja.

Nayasema haya kwa majivuno, sikatai. Lakini nayasema pia kwa sababu kazi hii njo, hii ndiyo, ilinifanya nijione naelewa jambo ambalo sikulielewa, na aliyeumia ni mke wangu.

Mke wangu alikuwa mwanamke wa mchi. Tangu Bukavu hadi huku alitwanga sombe, majani ya muhogo, na kuliuza likiwa tayari kwa chungu, na wanawake wote wavivu wa mstari wetu walikuwa wateja wake. Asubuhi tulishindana kelele, yeye na mchi, mimi na nyundo, na majirani walishazoea. Siku moja mchi ukanyamaza katikati. Nikatoka. Nikamkuta amekaa chini, kinu kiko kati ya miguu, majani hayajafika hata nusu.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mikono njo imekataa."

Baada ya mikono ikaja jasho la kulowesha shuka, kisha nguo zikaanza kumning'inia. Chini ya mbavu za kushoto tumbo likawa gumu, sawa vile mtu amemfichia jiwe. Kliniki ya kambi ilimtibu malaria, ikamtibu tena malaria. Mara ya tatu wakachukua damu, mtu wa maabara akaenda kumwita mwenzake, wawili wakatazama pamoja, na tukapewa barua ya kwenda hospitali kubwa ya Lilongwe.

Barua ya Lilongwe haifichiki kambini. Na kwetu mtu akikonda vile, bantu, yaani watu, hawaulizi ana ugonjwa gani. Wanauliza nani anamkula. Wakaanza kumtazama mjane mmoja wa Kirundi, mzee, ng'ambo ya kijia chetu, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kukosa mtoto wa kumtetea. Jirani mmoja mwanamume akanifuata hadi kwenye moto wangu na habari ya balozi, yaani wachawi.

"Mzee, balozi banamukula mama pale. Ule bibi njo anakunywa damu yake. Uko unangojea nini?"

"Niko nangojea uende kwako."

Akaenda. Lakini neno lake halikuenda naye, siwezi kusema uongo. Nilimpita yule mjane siku tatu nzima bila kumsalimu.

Lilongwe walimchoma mke wangu sindano ya mfupa, kwenye nyonga, akanishika mkono hadi kucha zikaacha alama. Tukarudi mara ya pili kusikia jibu. Munganga, daktari wetu, alikuwa mwanamke kijana, Mmalawi, mrefu, na mimi nilikuwa nimeshajiandaa kupambana na Kiingereza chake kwa Chichewa changu cha sokoni. Akainuka kitini.

"Shikamoo, mzee wangu."

Mke wangu akanigusa kwa kiwiko. "Papa, sikia. Leo uko sultani."

"Marahaba," nikajibu, nikanyoosha mgongo. "Binti, Kiswahili yako iko ya radio."

"Nilisoma Dar es Salaam miaka mingi, mzee. Na chenu ni cha wapi?"

"Yetu iko ya bantu ya kazi."

Akacheka vizuri sana. Kisha akaacha kucheka, akavuta kiti karibu na mke wangu, akamwambia kwamba ana saratani ya damu.

Nitaandika alivyoeleza, maana alieleza vizuri, na kosa la baadaye si lake. Alisema damu inatengenezwa ndani ya mifupa. Chembe nyeupe za kulinda mwili zinazaliwa pale zikiwa changa, kama watoto, na zinatakiwa zikue kwanza ndipo zitoke kwenda kazini. Za mke wangu zilikuwa zinazaliwa nyingi kupita kiasi, nyingine zinatoka kabla hazijakomaa, na zimeenda kujazana kwenye bandama. Jiwe lile lilikuwa bandama.

"Kwa sasa bado zinakubali kukua," akasema. "Tukizembea, itafika siku zitakataa kabisa. Zitabaki watoto watupu mwili mzima, na watoto hawalindi nyumba. Mkifika huko, mama, mimi hapa sina cha kuwapa."

Dawa ilikuwa kidonge kimoja kwa siku, baada ya kula, kwa glasi kubwa ya maji.

"Hadi lini?" mke wangu akauliza.

"Kila siku, mama. Maisha yako yote."

"Sawa vile ndoa," mke wangu akasema.

Hapo njo nikauliza swali nililotoka nalo kambini. Nilimwambia munganga asinicheke. Kambini wanasema kuna mtu anamkula mke wangu. Je, yupo?

Hakucheka. "Hakuna, mzee. Nenda umsalimie huyo mnayemshuku." Sikuwa nimemtajia mtu yeyote. "Lakini kwa kuwa umeuliza habari ya kula, nikuambie jambo. Chembe zenyewe hujila. Zako, zangu, za kila mtu. Vitu vya ndani vikichakaa, chembe inavikusanya, inavifunga kwenye kifuko, inaviyeyusha, halafu inatumia kile kile kutengeneza vipya. Ikipata njaa inazidisha, inakula vya ndani ili iendelee kuishi. Hata kukua kunahitaji hivyo. Chembe nyekundu ya damu, kabla haijakomaa, inakula karibu vyombo vyote vya ndani mwake, inabaki mfuko wa kubebea hewa tu."

Nilisisimka mwili. Mwanamke msomi, amevaa koti jeupe, amekaa hapo ananielezea uwanja wangu.

"Inayeyusha vya zamani, inatoa vipya!" nikasema. "Binti, njo kazi yangu hiyo!" Na nikamweleza sufuria, moto, uchafu unaoelea, kijiko, vyote.

"Basi leo wewe ni mwanafunzi wangu bora," akasema. "Lakini sikiliza, mzee. Hizi chembe mbaya nazo..."

"Nimeelewa." Nilikuwa nimeshasimama. Karatasi yangu ya ruhusa ya kutoka kambini ilikuwa ya siku moja, na ukitazama vizuri, sikutaka kuharibiwa ladha ya kuwa mwanafunzi bora. "Mi nayeyusha kila siku. Nimeelewa kuliko vile unafikiri."

Alifungua mdomo, akatazama mlango, nje watu wamejaa. Akaufunga mdomo.

Kidonge kilifanya kazi. Miezi ya kwanza mke wangu alitapikatapika, kope zikamvimba, kisha mwili ukazoea. Jiwe likalainika, likapotea chini ya vidole vyangu. Mchi ukarudi, pole pole, nusu chungu kwa siku. Yule jirani wa balozi akaja kununua sombe kama hajasema kitu.

Na mimi nikachoka. Watu wanafikiri mtu anachoka mambo yakiharibika. Mimi nilichoka yalipokuwa sawa. Kila safari kuomba karatasi ya ruhusa, kukaa kwenye benchi la ofisi ya kambi kama mtoto wa shule, kabaza, ile teksi ya baiskeli, hadi barabarani, Lilongwe, benchi jingine, kurudi. Maisha yote, alisema. Mimi kazi yangu ina mwisho: sufuria inakuja imetoboka, inaondoka nzima, mwenyewe simwoni tena miaka. Nilitaka ugonjwa ule uondoke hivyo.

Njo nikaanza kufikiri peke yangu. Ukitaka alimini safi unazidisha moto, uchafu unapanda wenyewe. Chembe ikipata njaa inajila. Munganga alisema kwa mdomo wake. Basi nikizidisha njaa, chembe mbaya itajila hadi imalizike, na zile nzuri zitakula taka zao, zibaki safi. Nililigeuza jambo hilo kila upande wiki nzima na sikuona pahali limetoboka.

Kanisani kwetu tuna desturi ya kavu. Mtu mwenye shida anafunga siku tatu, hakuna chakula, hakuna maji, na wengine wanafunga pamoja naye. Nilikwenda kwa mama anayesimamia maombezi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza kanisa, nikamwambia nataka mke wangu aingizwe kwenye kavu, na si mara moja, kila wiki.

"Apana, mzee," akasema. "Mugonjwa wa vidonge hafungake. Shiye njo tutafunga mu nafasi yake. Yeye akule."

"Weye uko munganga?"

"Apana. Na weye?"

Waimbaji wa korali waliokuwa wanapanga viti wakacheka. Ningesamehe neno, kicheko sikukisamehe. Nikaondoka nikisema moyoni kwamba nitawaonyesha. Kwa hiyo msomaji asiseme ni kanisa. Kanisa lilikataa. Kavu ya mke wangu niliianzisha mimi, nyumbani kwangu, chini ya bati langu.

Mke wangu nilimweleza karibu na moto, huku natoa uchafu kwa kijiko ili aone kwa macho. Alisikiliza hadi mwisho, amefunga kitenge kifuani.

"Papa, weye unajua kuyeyusha sufuria. Mi niko sufuria?"

"Munganga mwenyewe njo alisema."

"Alisema nifunge?"

"Alisema chembe ikipata njaa inajila. Mingine nimeelewa mwenyewe."

Akakaza fundo la kitenge. Mtu asiyemjua angesema alikubali. Mimi nilimjua miaka thelathini na zaidi, na nilijua ananitazama aone kama nitarudi nyuma. Sikurudi.

"Sawa," akasema. "Nitafunga. Lakini nikikufa na njaa, uambie bantu kwenye msiba kama nilikuwa na bwana wa akili."

Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kidonge bila chakula kilimtapisha hadi nyongo, kwa hiyo siku hizo tatu nikasema kidonge nacho kipumzike. Sikuvitupa. Fundi wa chakavu hatupi kitu. Niliviweka ndani ya sufuria ndogo sana niliyoimwaga zamani kama mfano wa kuonyesha wateja, ina kifuniko chake, nikaificha juu ya ukuta chini ya bati. Dirishani kwa dawa kule Lilongwe walikuwa wanatazama kama chupa imekwisha. Chupa ilikuwa inakwisha.

Tulikwenda hivyo miezi minne. Akakonda, nikasema uchafu unapanda. Mchi ukanyamaza tena, nikasema mwili unajitengeneza, uachwe. Siku moja wakati anajinyoosha niliona kitenge kimeinuka upande wa kushoto, na mkono wangu ulijua kabla sijaweka pale. Nikasema ni hewa ya njaa. Hata yule mjane wa Kirundi, ambaye tulishaanza kusalimiana, alisimama mlangoni na kibakuli cha uji siku ya Jumanne, na mimi nikamrudisha nao. Uji ulikuwa unatoa moshi.

Siku ya kwenda Lilongwe kupimwa damu ikafika. Wakachukua damu, tukakaa kwenye benchi, tukaitwa. Munganga hakusema shikamoo. Alikuwa na karatasi mbili, ya zamani na ya leo, anazitazama moja baada ya nyingine kama mtu anayelinganisha sura za ndugu wasiofanana.

"Mama, hesabu imepanda sana. Imerudi karibu na mwanzo. Lala nishike tumbo." Akashika. "Dawa unakunywa kila siku?"

"Kila siku, munganga," mke wangu akasema.

"Baada ya kula?"

"Baada ya kula."

Mimi nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja.

Munganga akashusha pumzi. Alituambia mambo mawili yanaweza kuleta hali ile. Moja, dawa hainywewi. Pili, ugonjwa umebadilika na hauisikii dawa tena. "Kama unakunywa kila siku, basi ni hili la pili. Nitakutoa kwenye dawa hii. Ile yenye nguvu zaidi hapa kwetu haipo. Nitakupa ya kushusha hesabu tu. Inashusha, lakini haizuii ule wakati niliowaambia siku ya kwanza."

Wakati wa watoto watupu. Alisema atazungumza na mkubwa wake kwanza, tusubiri nje.

Tukakaa benchini. Mbele yetu kulikuwa na mwanamke anamenya chungwa, maganda anayaweka mfukoni. Nilitazama maganda yale nisimtazame mke wangu.

"Juu ya nini ulisema bongo?" nikamwuliza juu ya uongo ule.

"Nilisema bongo ya kwako. Ya kwangu haikuwamo."

"Mama..."

"Ulitaka nikuvue nguo mbele ya mutoto ule? Umekaa pale kifua mbele, munafunzi bora. Nimekupikia, nimekuzalia, nimekimbia na weye vita mbili. Nitakuvua nguo leo?" Aliongea kwa sauti ndogo, bila hasira, na hapo njo nilipoogopa. Mke wangu akiwa na hasira ana nguvu. "Mi nimechoka, Papa. Kama ni kufa, tufe na heshima yetu."

Heshima yetu. Nilikaa na neno hilo. Nimejenga tanuri langu mara tatu katika nchi tatu na hakuna mtu aliyewahi kuniambia nimemwaga vibaya nikakubali. Sufuria ikitoka na tundu nilisema mchanga ulikuwa na maji, makaa yalikuwa mabichi. Na huyu mwanamke amekaa kando yangu, jiwe chini ya mbavu, yuko tayari kufa ili nisionekane na tundu.

Nikainuka. Watu wa foleni wakapiga kelele kwa Chichewa, mmoja akanivuta koti, akasema mzee huyu hana adabu. Nikafungua mlango bila kubisha. Munganga alikuwa na simu sikioni.

"Hakunywa," nikasema. "Si yeye. Mi njo nilimkataza."

Akaweka simu chini. Nikasema yote nikiwa nimesimama: njaa, kavu, siku tatu kila wiki, sufuria ndogo juu ya ukuta. Nilitegemea atapiga kelele. Aliniambia nikae. Nikasema nitasimama. Akasema, "Kaa, mzee," na nikakaa.

"Siku ile ulisimama sijamaliza," akasema. "Sasa nimalizie. Chembe mbaya nayo inajua kujila. Ndicho nilichotaka kukuambia. Ukiipiga kwa dawa, inajikunja ndani ya mfupa, inakula vya kwake kidogo kidogo, inangoja. Ukiipiga kwa njaa ni hivyo hivyo. Njaa haiiui, mzee. Kule kujila ndiko kunakoiokoa. Anayekufa njaa ni mama, hiyo yenyewe inavumilia. Na wewe kila wiki umeipa siku tatu bila dawa ipumzike."

Tanuri langu halina kitu kama hicho. Alimini haijifichi.

"Wapo wanaotafuta namna ya kuizuia isijile," akaendelea, "ili kidonge kiikute haina pa kukimbilia. Wamejaribu hata dawa ya zamani ya malaria pamoja na hiki kidonge. Hawajafika mwisho. Na usiende kuitafuta sokoni, mzee. Nakuona."

Kweli alikuwa ameniona. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri ni mzee gani kambini anaweza kuwa bado anayo.

"Basi sitaandika kwamba dawa imeshindwa," akasema, akavuta faili. "Nitaandika kwamba haikunywewa."

"Andika kama bwana yake njo alikataza."

"Hapana mahali pa kuandika hivyo." Aliandika kidogo, akainua uso. "Miezi mitatu. Kila siku, na chakula. Halafu tutajua kama chembe mbaya bado inaisikia dawa. Siahidi. Wakati mwingine ukiipa nafasi inajifunza."

Mke wangu aliponiona natoka alijua. Alijisogeza benchini nikae, na tulikaa pale hadi dirisha la dawa likatuita.

Miezi ile mitatu nilizeeka kuliko miaka ya njiani. Kazi ilikuwa ndogo tu: kuamka, kuwasha moto wa jikoni kabla ya moto wa tanuri, kukoroga uji wa mgaiwa, unga wa mahindi usiokobolewa, na karanga. Mimi, mtu mzima na mvi, nilijifunza uji kwa yule mjane wa Kirundi, ambaye alisimama nyuma yangu akisema madonge, madonge, koroga. Hakunikumbusha kile kibakuli. Mke wangu anakula, anakunywa kidonge, anamaliza glasi, anaipindua juu chini nione. Kabla ya hapo sigusi makaa. Wateja walilalamika kwamba siku hizi nafungua nikiwa nimechelewa. Niliwaambia waende kwa fundi mwingine, wakijua kama mimi kwamba hayupo.

Yule mama wa maombezi nilimfuata mwenyewe. Nilimwambia alisema kweli. Akanitazama kama anangoja sehemu ya pili ya maneno, ile ya "lakini". Haikuwepo. "Aksanti, mzee," akasema, akarudi kupanga viti vyake, na mimi nikapanga vile vya upande wa pili.

Siku ya majibu nilivaa koti. Sufuria ndogo niliibeba kwenye mfuko wa plastiki, na vidonge vyake ndani, maana munganga aliagiza virudi. Alifungua kifuniko, akavimimina kwenye bahasha, kisha akapindua sufuria akaona dole.

"Hii ni sahihi yako?"

"Hiyo tu njo ninajua kuandika bila kosa."

Akatoa karatasi. Hesabu ilikuwa imeshuka. Haikufika pale ilipokuwa kabla ya njaa yangu, na bandama bado aliigusa vidole viwili chini ya mbavu, lakini imeshuka, dawa bado inasikika. Mke wangu aliinamisha kichwa. Nilifikiri analia, kumbe anafunga kamba ya kiatu. Nikainama nikaifunga mimi.

Munganga akaanza kueleza. Alieleza muda mrefu: kwamba hatujavuka, kwamba atapima tena na tena, nini cha kutazama, homa gani, damu ya fizi gani, siku gani ya kuja bila kungoja siku yetu. Nje foleni ilikuwa inakohoa. Karatasi yangu ya ruhusa ilikuwa ya siku moja, kama kawaida, na jua lilikuwa limeshageuka dirishani. Nilibaki nimekaa. Alipofika mwisho akaweka kalamu chini.

"Umemaliza?" nikamwuliza.

"Nimemaliza, mzee."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Basi rudilia ile ya homa. Hiyo sikuielewa."

Mke wangu akageuka kunitazama, mdomo wazi. Kisha akamwambia munganga, kwa ile sauti yake ya zamani ya kuitia wateja wa sombe, "Binti, andika hiyo kwenye karatasi yako. Andika na siku. Kambini hawatanisadiki."

Munganga akavuta kiti karibu, akaanza upya, toka kwenye homa.